Njooni usiku: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya hewa ya Dar es Salaam

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira, kwa wakuu wa vyombo vyote vinavyosimamia sheria za mazingira, kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, na kwa waheshimiwa madiwani wa wilaya zake zote tano.

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Mimi ni muuguzi. Nimehudumu katika zahanati na vituo vya afya vya jiji hili kwa miaka 21, na miaka 9 ya mwisho nimeishi na kufanya kazi katika mtaa mmoja, jirani na ukuta wa kiwanda kinachoyeyusha vyuma chakavu. Mtaa sitautaja na kiwanda sitakitaja. Nikikitaja mtashughulika na hicho kimoja na barua itaishia hapo, ilhali wenzangu wa mitaa mingine nao wana cha kwao kinachowakoseshea usingizi.

Naomba nianze na sare. Sare yangu ni nyeupe. Nikiifua jioni nikaianika nje ikalala kwenye kamba, alfajiri naikuta ina vidoa vyeusi, vidogo kama mbegu za mchicha, vimetua mabegani na kwenye mikunjo ya mikono. Mwanzoni nilikuwa navipangusa kwa kidole. Ni kosa. Kila kidoa kinachora mstari wenye mafuta, na mstari huo hautoki kwa sabuni ya unga wala ya mche. Inabidi uikung'ute kwanza, kisha uipulize polepole, ndipo uiguse. Wanawake wote wa mtaa wetu wanalijua hilo, hata wasichana wa darasa la tano. Wengi tumeacha kabisa kuanika usiku. Nguo tunazitundika ndani, juu ya vitanda vya watoto, na chandarua changu kilichokuwa cha bluu kimekuwa na rangi ya jivu.

Hivyo vidoa ndivyo vikubwa. Unywele wa mtu una unene wa maikromita 70 hivi. Chembe zinazowatia hofu madaktari, zile wanazoziita PM2.5, hazizidi maikromita 2.5. Hizo hazitui begani. Zinapita puani, zinapita kooni, zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine zinavuka na kuingia kwenye damu. Kutoka hapo zinaufikia moyo, zinaufikia ubongo, kwa mjamzito zinamgusa na aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa, wa nje na wa majumbani kwa pamoja, unachangia vifo vya watu milioni 7 hivi duniani kila mwaka. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kiwango chake cha PM2.5 kwa wastani wa mwaka kutoka 10 hadi 5, yaani maikrogramu 5 tu katika mita moja ya ujazo ya hewa.

Kazini tuna vitabu vya MTUHA, vile vya kuandikia taarifa za wagonjwa. Kila anayeingia naandika umri wake, jinsia yake, anakotoka na anachoumwa. Mtoto akija anahema mbavu zikiingia ndani, naandika nimonia. Akija kifua kinapiga filimbi, naandika pumu. Baba wa miaka 50 akiletwa mdomo umeenda upande, naandika kiharusi na kumpa rufaa. Safu ya moshi haimo kitabuni. Wala sidai iwekwe, kwa sababu nikimtazama mtoto mmoja siwezi kuapa kwamba kikohozi chake ni cha moshi na si cha virusi. Daktari bingwa naye hawezi, kwa mtoto mmoja. Mimi uwezo wangu unaishia mlangoni pa zahanati. Kilichoko nje ya mlango huo kinataka kipimo, na kipimo ni kazi yenu.

Uingereza kuna binti wa miaka 9 aliyefariki mwaka 2013 kwa shambulio la pumu. Alikuwa akiishi London, karibu na barabara kubwa yenye foleni. Mama yake hakukubali yaishe hivyo hivyo. Desemba 2020 uchunguzi wa pili wa kisheria ukaamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake, na ukaandikwa kwenye sababu za kifo, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea nchini humo. Nilipoisoma habari ile niliguswa na kitu kidogo ambacho pengine wengine walikipita. Waliweza kuthibitisha kwa sababu karibu na nyumba ile palikuwa na vituo vya kupima hewa, na namba zake zilikuwa zimehifadhiwa mwaka hadi mwaka. Mama yule alikuwa na pa kwenda kuzichukua. Mama wa mtaa wetu aende wapi?

Hilo si swali la kunogesha barua. Tulishaulizwa sisi, tukakosa jibu.

Mwaka juzi tulikaa kikao cha mtaa tukaandika barua. Watu 64 walitia sahihi, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba, mwenyekiti akagonga mhuri. Barua ikapanda kata, ikapanda juu ya kata, halafu tukaambiwa tuipeleke ofisi nyingine kwa kuwa moshi wa viwandani hauwahusu wao. Kwenye hiyo ofisi nyingine tulipokelewa vizuri, sisemi uongo. Tulipewa viti na maji ya kunywa. Afisa akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mna vipimo?" Mwenzangu akatoa sare yangu kwenye mfuko akaikunjua mezani. Afisa akasema hapana, anaelewa, lakini anachohitaji ni namba. Pasipo namba hawezi kusema kiwango kimezidi, na kama kiwango hakijazidi hakuna kosa. Tukaikunja sare tukaondoka.

Wiki tatu baadaye wakaguzi walikuja kweli. Walikuja siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwa gari lenye nembo ubavuni. Lile tanuri, waheshimiwa, ni la usiku. Linawashwa kwenye saa tano na kuzimwa kabla ya adhana ya alfajiri. Saa nne asubuhi bomba limesimama safi na kunguru ametua juu yake. Taarifa tuliyosomewa baadaye ilisema hali imeonekana kuwa ya kuridhisha, na kwa saa ile waliyokuja, walichoandika kilikuwa kweli.

Usiku ule ule nilikuwa zamu. Ilikuwa Julai, kusi imekaza, na sisi tuko kaskazini ya kiwanda, kwa hiyo kusi ndiyo msimu wetu. Kaskazi ikiingia, moshi unawageukia wenzetu wa ng'ambo ya reli na sisi tunapumua. Saa nane usiku aliletwa mtoto wa miaka mitatu na bibi yake, wamekuja kwa bajaji. Midomo imeanza kuwa ya bluu. Tulimweka kwenye nebulaiza, mashine ya kumvutisha mgonjwa dawa ya kifua kama mvuke, na kwa kuwa mashine ni moja na kulikuwa na mtu mzima tayari anaitumia, ilibidi tumkatishe yule mtu mzima. Nikafunga madirisha ili moshi usiingie chumba cha matibabu. Joto likawa kali, bibi akaniomba nifungue dirisha mtoto apate hewa. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sikuwa na jibu la kumpa yule bibi. Mtoto alipona usiku ule. Amerudi mara nne tangu hapo.

Ninaandika kwa sababu ninaamini mnaweza. Nimeishuhudia nchi hii ikiamua jambo na likawa. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na wiki ile ile sokoni watu walikuwa na vikapu. Nilidhani haiwezekani. Iliwezekana kwa sababu tarehe ilitajwa mapema, adhabu ilijulikana na kila mtu, na wakaguzi walionekana. Pale ukaguzi ulipolegea baadaye, vimfuko vyepesi vikaanza kurudi kwa jina la vifungashio, na hilo nalo ni funzo. Kabla ya hapo, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliondoa madini ya risasi kwenye petroli kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na leo hakuna anayeikumbuka petroli ile kwa mapenzi. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zikakubaliana kushusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Magari hayakusimama. Uchumi haukuanguka.

Na sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema katika kifungu cha 4 kwamba kila anayeishi Tanzania ana haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinampa mtu haki ya kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa. Mwaka 2007 zikatungwa Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa. Sikatai kwamba zimezeeka. Zilitungwa wakati kiwango cha dunia cha PM2.5 kilikuwa mara mbili ya cha sasa, na ninaomba zifumuliwe na kuandikwa upya. Lakini naomba pia msije mkajificha kwenye uandishi wa kanuni mpya. Hata hizi za 2007 zingesimamiwa kama zilivyo, usiku ule wa Julai ungekuwa tofauti.

Nirudi nyuma kidogo, kwa faida ya vijana wasiojua kwamba vita hii ina historia katika jiji letu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo. Taka zilikuwa zikiungua, moshi na harufu na nzi vimewajaa majumbani. Wakashinda. Jiji likaamriwa kuacha kumwaga taka pale. Badala ya kuacha, likarudi mahakamani zaidi ya mara moja kuomba liongezewe muda. Jaji Lugakingira akakataa. Alisema hajapata kusikia popote mamlaka ya umma, au hata mtu binafsi, akienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaitumia ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi. Hapakuwa na sheria ya 2004 wakati ule. Alikuwa na Katiba na pua za watu wa Tabata.

Kilichofuata ndicho kinachonitoa machozi. Taka zilipelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa kule nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Zikapelekwa Vingunguti. Kisha Mtoni. Kisha Pugu Kinyamwezi, ziliko hadi leo. Kila mtaa uliopaza sauti ulitendewa haki kwa kumhamishia jirani yake mateso. Ndiyo maana sikuutaja mtaa wetu. Sitaki tuupate ushindi wa namna hiyo, moshi ukahamia kwa mtu mwingine asiyejua pa kupeleka barua.

Mombasa nako kuna la kujifunza. Katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilifunguliwa mwaka 2007 katikati ya makazi. Watu wakaanza kuugua kwa sumu ya madini ya risasi, watoto wakiwa wa kwanza. Kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikapanda na kushuka, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikairudisha fidia ile. Miongoni mwa waliobebeshwa mzigo wa kulipa ni mamlaka ya mazingira yenyewe, ile iliyopaswa kukizuia. Nalisema hili kwa heshima, waheshimiwa: afisa anayetia sahihi cheti cha mazingira leo anatia sahihi jambo litakaloweza kumrudia.

Najua hoja mtakayonijibu, maana nimeshajibiwa. "Nyinyi mlikikuta kiwanda." Ni kweli wengine tulikikuta. Familia nyingine zilikuwepo kabla, zina viwanja vyenye minazi ya babu zao. Lakini tuseme wote tulikikuta. Haki ya kifungu cha 4 haikuandikwa kwamba ni ya aliyetangulia. Na ramani za mipango miji haziko mikononi mwa muuguzi. Aliyepima viwanja vya makazi kando ya eneo la viwanda na kuviuza alikuwa na mhuri wa serikali.

Hoja ya pili ni nzito zaidi na siipuuzi: ajira. Majirani zangu wanafanya kazi ndani ya ukuta ule. Mmoja wao, baba wa watoto wanne, ni kibarua wa kulipwa kwa siku. Anarudi asubuhi macho mekundu, anakohoa mpaka anashika ukuta. Nilipomwomba atie sahihi ile barua aliniambia, "Dada, wakifunga, watoto wangu watakula hizo sahihi?" Hakusaini, na sikumlaumu. Barua hii ni yake pia. Sitaki kiwanda kife. Vyuma chakavu visipoyeyushwa vitarundikana mitaani, na nondo tunazihitaji. Ninachotaka ni moshi uchujwe kabla haujatoka kwenye bomba. Vifaa vya kuchuja vumbi na moshi wa tanuri viko duniani kwa miaka mingi. Ni ghali kununua na ni ghali kuviendesha, kwa sababu vinakula umeme na mifuko yake ya kuchujia inachakaa. Hapo ndipo penye siri ya mambo mengi: kiwanda kinaweza kuwa na vifaa hivyo na kikavizima usiku. Na faini ikiwa ndogo kuliko gharama ya kuviwasha, mwenye kiwanda atailipa kila mwaka kama anavyolipa bili ya maji.

Kwa hiyo naomba adhabu ipimwe kwa faida aliyoipata aliyezima, na amri ya kusimamisha tanuri iwe na sharti kwamba vibarua wanaendelea kulipwa mpaka marekebisho yaishe. Hapo mtaona jirani yangu atakavyokuwa shahidi wenu wa kwanza.

Naomba wakaguzi waje usiku, bila taarifa, na wawe na kipimo mkononi. Naomba kifungwe kipimo cha kudumu nje ya ukuta, upande wa makazi, kinachofanya kazi saa 24, na namba zake zibandikwe kila wiki kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya serikali ya mtaa, pale zinapobandikwa habari za vikao na vitambulisho. Msiniambie teknolojia iko mbali. Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere, wanatengeneza vipimo vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi na joto letu, na vingine wamevifunga kwenye bodaboda vikazunguka jiji zima. Havina usahihi wa mashine kubwa za maabara, lakini vinatosha kumwambia mkaguzi ni mtaa gani aende na ni saa ngapi.

Naomba mgeuze utaratibu wa taarifa za ukaguzi wa mazingira. Leo kiwanda kinamwajiri mshauri, kinamlipa, naye anaandika taarifa kuhusu kiwanda hicho hicho. Wapo washauri waaminifu, nawafahamu. Lakini mtu asiwekwe mahali ambapo uaminifu wake unamkosesha kazi mwaka ujao. Kiwanda kilipe fedha hizo kwenye mfuko, na mshauri apangwe na serikali. Taarifa ikikamilika iwekwe wazi, pamoja na amri zote zilizotolewa na faini zote zilizolipwa. Mwenye kiwanda safi atafurahi, maana leo anashindana sokoni na mwenzake asiyetumia senti moja kuchuja moshi.

Tena naomba tuwe na mlango mmoja. Moshi wa kiwandani una ofisi yake. Wa magari ni wa askari wa usalama barabarani. Wa taka ni wa halmashauri. Vumbi analovuta mfanyakazi ni la OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na viwango vinapita TBS, shirika la viwango. Mapafu ya mgonjwa wangu ni mawili tu, na vyote hivyo vinaingia humo humo. Iwepo namba moja ya simu, jalada moja, na siku zinazojulikana za kumjibu mwananchi. Ofisa wa mazingira wa halmashauri, ambaye sheria inataka awepo, apewe pikipiki, kipimo, na uwezo wa kuamuru tanuri lizimwe usiku ule ule bila kusubiri kikao.

Magari nayagusa kwa kifupi. Gari lililoagizwa likiwa limezidi miaka 8 tunalitoza ushuru wa uchakavu, kwa hiyo tunakubali kwamba uchakavu una madhara. Lakini sijawahi kuona, katika miaka yangu yote ya kusubiri daladala, askari akichomeka kipimo kwenye ekzosi. Stika inakaguliwa. Moshi mweusi unapita mbele ya macho yetu sote.

Lakini nawasihi: ukali huu usianzie kwa wadogo. Nimeshaona operesheni za namna hii. Zinaanza na kibao kikubwa na zinaishia kwa mama ntilie kumwagiwa maji jiko lake na kijana wa chipsi kunyang'anywa karai. Ni kweli nasi tunachoma taka. Mimi mwenyewe nimechoma, pamoja na plastiki ndani yake, nikijua ninachofanya, kwa sababu gari la taka lilikuwa halijapita wiki tatu na mvua zinakaribia. Gari lipite kwanza, kisha nipigwe faini. Mwenye bomba la mita 20 na mhasibu na mwanasheria ndiye aanze kuguswa, ili huku chini tuamini kwamba sheria ni moja.

Kuhusu moshi wa jikoni nawapongeza kwa dhati. Serikali yenyewe imetaja mara nyingi kwamba watu 33,000 hivi hufariki nchini kila mwaka kwa athari za kupikia kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nimewaona akina mama wa mtaa wetu waliohamia kwenye mtungi wa gesi, nimeona watoto wao wakipunguza kuja kwetu. Sasa mama huyo amezima moshi wa ndani, anafungua dirisha aanze usingizi, na moshi wa nje unaingia. Mmemfikisha nusu ya safari. Mchukueni na nusu iliyobaki.

Kila jioni baada ya taarifa ya habari ya saa mbili tunasikiliza hali ya hewa. Tunaambiwa mvua, upepo, joto la Mbeya na la Tanga, urefu wa mawimbi baharini ili mvuvi ajue kama atoke. Hewa yenyewe haitajwi. Jiji la watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022 linalala bila kujua linavuta nini. Ningependa siku moja mtangazaji aseme kwamba kesho kusi itavuma, hewa ya mitaa fulani itakuwa chafu kuanzia saa tano usiku, wenye pumu wakae na pampu zao karibu. Nami zahanati nitajipanga. Nitaazima nebulaiza ya pili kituo cha jirani kabla mtoto hajaletwa.

Mkiamua kuja, hamhitaji kuniuliza mtaa. Barua yetu yenye sahihi 64 iko kwenye jalada, katika mojawapo ya ofisi mnazoziongoza, na anwani imeandikwa juu upande wa kulia. Mwenyekiti wetu analala karibu na ofisi ya mtaa, gongeni hata saa saba. Zahanati ina ngazi ya kupandia kwenye tangi la maji, na ukisimama pale bomba unaliona lote, kuanzia linapotoka paani. Mimi wiki hii yote niko zamu ya usiku. Chai ya tangawizi iko kwenye chupa. Leteni kipimo.

Wenu katika kazi,

Muuguzi, Dar es Salaam